Malkia Ndani ya Rola ya Nywele

Juzi mteja wangu alikuwa amekaa chini ya draya, akanyoosha kidole dirishani. Pale nilikuwa nimeanika rola mbili za nywele, zile nyembamba za kijani, upande mmoja nimeziziba kwa donge jeupe. "Dada, hiyo nayo ni dawa ya kukuza nywele?" Nikamwambia hiyo ni nyumba ya bi harusi wa nyuki, na lile donge la sukari ndio mlango wake. Wakwe zake wenyewe watamfungulia kwa kuula. Basi maswali yakaanza, na hayakuisha mpaka nywele zikakauka. Nikaona bora niyaandike hapa yote, maana hata wafugaji wenzangu ninaokutana nao huku Tanga wengi hawajawahi kubadilisha malkia. Kundi likifa, wanasubiri jingine lije lenyewe mzingani. Nami nilifanya hivyo kwa miaka.

Saluni yangu iko Ngamiani. Mizinga iko Pongwe, kwenye shamba aliloacha mama: minazi, mikorosho, mwembe mmoja mkubwa, na ng'ambo ya njia kuna mkonge. Ni mizinga tisa ya viunzi (vipande vya mbao vya juu ambavyo nyuki huning'iniza masega), imetundikwa kwa waya kati ya nguzo, usawa wa kiuno, na waya nimezipaka grisi siafu wasipande. Aliyeianzisha ni mjomba, kaka yake mama, ambaye tangu ujana wake alifuga kwenye mizinga ya magogo. Sasa mjomba ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi. Anakaa kwenye kigoda chini ya mwembe na kuniongoza, mimi ninatazama na kumweleza. Masikio na pua yake bado ni vya mfugaji kamili.

Kwa asiyefuga, nieleze kidogo. Kila mzinga una malkia mmoja, na ndiye mama wa wote waliomo. Msimu mzuri anataga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku, na ni lazima atage, kwa sababu kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, wa wakati wa kazi nyingi anaishi kama wiki sita tu. Malkia akifa na kuacha mayai au watoto wachanga wasiozidi siku tatu, vibarua huchagua wachache, huwalisha maziwa ya nyuki peke yake, huwajengea vyumba vinavyoning'inia kama maganda ya karanga, na takriban siku 16 tangu yai litagwe malkia mwingine anatoka. Wasipokuwa na mtoto wa umri huo, kundi linabaki linahesabu siku zake.

Mzinga wa saba ulikuwa unahesabu siku zake Septemba 2024, na mimi sikujua. Mjomba ndiye aliyegundua. Nilimpeleka shambani Jumapili, akapita mzinga kwa mzinga, anaweka sikio ubavuni, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole. Mzinga wenye malkia ukigongwa huvuma mara moja, vuuu, ukanyamaza. Wa saba haukunyamaza. Uliendelea kulia kwa sauti ya chini, inapanda inashuka, kama kilio unachokisikia kutoka nyumba ya tatu. Mjomba akaondoa sikio taratibu.

"Hawa hawana mama," akasema. "Na si wa jana wala juzi."

Nilipofungua nikaona alichokisikia. Majana (watoto wa nyuki waliomo vitunduni) ya vibarua hayakuwepo hata sega moja. Vitundu vingine vilikuwa na mayai mawili, matatu, hadi manne, na mengi yamegandishwa ubavuni. Malkia huweka yai moja, tena katikati ya sakafu ya kitundu, kwa sababu tumbo lake ni refu na linafika. Yale yalikuwa mayai ya vibarua wenyewe. Kundi likikaa wiki kadhaa bila malkia wala majana, baadhi ya vibarua huanza kutaga, na kwa kuwa hawajawahi kukutana na dume, kinachozaliwa ni madume matupu, walaji wasiokwenda kuchuma.

Nilikuwa na malkia wa kuwapa. Mzinga wa pili, ambao ndio mpole kuliko yote, ulikuwa umejenga vyumba vya malkia kwa ajili ya kugawanyika, nami nikauwahi: nikahamisha viunzi vitano vyenye nyuki na chumba kimoja hadi kwenye kisanduku kidogo. Malkia alitoka, akaenda kupandana, akarudi, akataga vizuri. Nikamkamata. Nilikuwa nimesoma kwamba wafugaji huko duniani humtia malkia nukta ya rangi mgongoni ili wajue mwaka wake, na rangi zinakwenda kwa zamu: nyeupe kwa miaka inayoishia na 1 na 6, njano 2 na 7, nyekundu 3 na 8, kijani 4 na 9, bluu 5 na 0. Mwaka 2024 ukawa kijani. Rangi ya kucha ya kijani nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikamtia nukta, nikasubiri dakika moja, nikawapulizia wenyeji moshi, nikamweka juu ya sega.

Kwa pumzi tatu hivi hakuna kilichotokea. Kisha kibarua mmoja akamgusa kwa kipapasio, akarudi nyuma, akamrudia na kumng'ata mguu. Akaja wa pili, wa tano, wa ishirini, mpaka nikawa simwoni tena. Palibaki donge la nyuki ukubwa wa ndimu, limekazana, linatetemeka, linatoa sauti kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni.

"Wamemzonga?" mjomba akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Wamemzonga, mjomba."

"Chukua donge zima ulitie majini. Haraka, mwanangu."

Kulikuwa na beseni la kunawia. Nikalichota donge kwa kiganja nikaliachia majini. Nyuki wakaachana, kila mmoja na roho yake, na katikati akaelea malkia na nukta yake ya kijani. Alikuwa hai. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unaburuzika na bawa limechanika. Nilimtia kwenye boksi la kiberiti pamoja na nyuki sita wa kwao, akafa kabla ya magharibi. Mzinga wa saba nao uliisha ndani ya mwezi, nondo wakala masega.

Jioni ile mjomba alinishika mkono, akaunusa vidole kimoja kimoja. "Hii rangi yako inanuka ndizi," akasema. Tangu nikiwa mdogo hajawahi kuniruhusu kula ndizi siku ya kufungua mizinga, nami nilidhani ni miiko ya wazee. Kumbe nyuki anapochoma hutoa harufu ya hatari inayowaita wenzake, na kwa pua yetu harufu hiyo inakwenda sambamba na ndizi mbivu. Nilimpeleka malkia mgeni kwenye nyumba yenye msiba, bila kubisha hodi, mgongoni ananukia hatari.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kazi hii yote ni ya harufu. Ndani ya mzinga ni giza. Hakuna anayemtambua malkia kwa sura. Mwili wake unatoa harufu, wanaomlisha na kumlamba wanaipokea na kuipitisha kwa wenzao kwa kugusana na kulishana, na hivyo ndivyo mzinga mzima unavyojua mama yupo. Akiondoka, saa chache tu zinatosha kuanza kuhangaika. Na sisi wanawake wa pwani ni watu wa mwisho kuhitaji somo hili. Mwali wetu hatoki tu kwao akaingia kwa watu. Anakaa ndani siku zake, anasuguliwa liwa, anafukizwa udi, anasokotewa asumini, somo yuko naye hatua kwa hatua, na anayempokea anaanza kumpokea kwa pua kabla ya macho. Nimewapamba maharusi wangapi kwa mikono hii, halafu malkia nikamtupa ndani kama mzigo!

Usiku nilimsomea mjomba habari za François Huber, Mswisi aliyeanza kupofuka akiwa kijana na bado akawa mchunguzi mkubwa wa nyuki mwishoni mwa karne ya 18. Aliona kwamba malkia mgeni akiingizwa mara tu wa zamani anapotolewa, nyuki humzonga. Zikipita saa 24, humpokea kwa urahisi zaidi.

"Alikuwa haoni?" mjomba akauliza.

"Haoni, mjomba. Mtumishi wake, François Burnens, ndiye aliyekuwa akitazama na kumweleza."

Akanyamaza kitambo. "Basi alipata mtumishi mzuri," akasema. Sikujibu, lakini maneno yale nimeyaweka.

Jaribio la pili lilitokana na mbuzi. Mzinga wa nne ulikuwa mkali kupita kiasi. Njia ya kisimani inapita hatua thelathini kutoka pale, na watoto walishazoea kuikimbia. Desemba jirani alifunga mbuzi wake kwa kamba chini ya mkorosho wa karibu, nyuki wakaamka kwa sababu ambayo hadi leo siijui, na mbuzi hakuwa na pa kukimbilia. Nilimlipa jirani, naye alikuwa muungwana, lakini nilipomwona mkewe akimfuta mbuzi yule miba usoni kwa upindo wa kanga nilijua mzinga ule hauwezi kubaki hivyo. Ukali wa kundi unatokana kwa sehemu kubwa na mama na madume aliokutana nao. Ukibadilisha mama, unabadilisha kundi, kwa sababu baada ya miezi miwili hivi karibu kila aliyemo ni mtoto wa mpya.

Mpwa wangu anayesoma Dar akapendekeza tuagize malkia wapole wa Ulaya. Nikamkatalia, na nitamkatalia kila atakayeniuliza. Malkia huenda kupandana angani mwanzoni mwa maisha yake, na madume kumi au zaidi. Binti za huyo mgeni wangepandana na madume wa Pongwe, na mwaka wa pili ungekuwa na nyuki wale wale wa kwetu, labda na maradhi juu yake, kwa sababu maradhi husafiri na malkia. Na kuhamisha malkia toka bara hadi bara kumeshatoa funzo zito. Mwaka 1956 Warwick Kerr wa Brazil alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika kwa ajili ya utafiti; mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka kule Rio Claro, na uzao wao ukasambaa Amerika ya Kusini hadi ukafika Marekani. Nilipomweleza mjomba kwamba kuna damu ya nyuki wa Tanganyika Brazil, akasema hashangai hata kidogo, nyuki wetu huhama kwa kuudhiwa tu. Malkia niliyemhitaji alikuwa hatua hamsini kutoka pale, kwenye ukoo wa mzinga wa pili.

Kwanza ilibidi kumpata yule mkali. Malkia wetu wanakimbia. Ukifungua tu anazunguka sega kwa sega, na vibarua wanamiminika pamoja naye. Mjomba akanifundisha: asubuhi, shusha mzinga, upeleke hatua saba nane pembeni, pale pa zamani weka sanduku tupu lenye sega moja. Nyuki wazima waliotoka kuchuma wakirudi wanaingia kwenye sanduku, na hao ndio wakali zaidi. Mzingani wanabaki wengi vijana, na kumtafuta malkia kunawezekana. Nilimkuta kiunzi cha kumi na moja, mweusi mweusi, amejibanza kwenye kona ya sega ambako hapana majana.

Nilisubiri saa 24 kama Huber, nikamweka mpya kwenye rola. Hapo ndipo saluni iliponifaa kwa halali. Rola ya plastiki ina matundu pande zote. Ukichagua ile ambayo mti wa kiberiti unapita kwenye tundu lakini nyuki hapiti, umepata kizimba ambacho wenyeji wanaweza kumnusa na kumlisha malkia kwa ulimi bila kumfikia kwa meno. Upande mmoja unaziba kwa gome la mti, wa pili kwa sukari. Ilikuwa Januari, jua la kaskazi, hakuna ua lolote la maana, na sukari yangu niliikanda laini kwa asali nyingi. Joto na unyevu wa Tanga vikaiyeyusha usiku ule ule. Siku ya nne nilimkuta chini ya mzinga, amekauka, sisimizi wamemzunguka. Ndani walishajenga vyumba kwa watoto wa mama yao mkali. Mjomba alikuwa ameniambia mapema kwamba wakati wa njaa mgeni hapokelewi. Nilimsikia lakini sikumsikiliza, kwa sababu ya yule mbuzi.

Tukasubiri masika ipite. Mwishoni mwa Julai mikorosho ilianza kuchanua, na kwenye mkonge baadhi ya milingoti ilikuwa na maua. Ukisimama chini yake unasikia nyuki juu kama mvua ya mbali. Ukiwa na nia ya kubadilisha malkia, subiri siku nyuki wako wanapoingia na miguu imejaa chavua. Hata hivyo niliwatilia na maji ya sukari, kilo kwa lita, kila jioni kikombe kimoja, ili wahisi neema isiyokatika.

Safari hii tulifuata njia ya mjomba, ambayo ni ndefu. Nilimtoa mkali (binti wa yule wa Januari), nikamweka kwenye kisanduku na nyuki konzi mbili kama akiba, kisha tukauacha mzinga siku saba kamili bila mama. Hesabu yake ni hii. Yai linakaa siku tatu kabla ya kuanguliwa. Yai lililotagwa siku ya mwisho, siku ya saba limeshakuwa mtoto wa siku nne, amepita umri wa kufanywa malkia. Siku hiyo ukivunja kila chumba cha malkia walichojenga, hawana tena njia ya kujitengenezea mwingine. Wanakuhitaji kweli. Lakini kibaki kimoja tu, kazi yote imekwenda na maji. Masega ya viunzi hayana fremu, ukiyakung'uta yanakatika, kwa hiyo niliwasogeza nyuki kwa bawa la kuku, sega moja moja, mbele na nyuma. Nilivunja vyumba kumi na vinne. Nikamwambia mjomba nimemaliza. "Umetazama ukingo wa chini, pale sega linapojikunja?" Nikarudi. Cha kumi na tano kilikuwa pale, kimefunikwa na nyuki, kirefu kama kifundo cha kidole changu.

Rola nilikuwa nimeichemsha kwa maji matupu, nikaitundika tupu ndani ya mzinga huo huo wa nne siku tatu nzima, waitembelee, waipake nta na harufu ya kwao. Sukari niliikanda upya: sukari ya unga ya kupambia keki na asali ya mzinga wa nne wenyewe, kijiko kwa kijiko, nakanda na kuongeza unga mpaka donge likabaki na umbo nililolipa hata likikaa juani saa nzima. Lazima liwe gumu kama ugali uliolala. Nilikwenda Jumatatu, siku nisiyofungua saluni, nimeoga bila sabuni ya manukato, na kanga ya shamba. Mjomba akaninusa mikono kabla sijavaa glovu, akaitikia kwa kichwa.

Malkia mpya alikuwa ameshataga kwenye kisanduku chake wiki tatu, hadi nikaona majana yake yamefunikwa, sawasawa, bila mapengo. Hili mjomba halilegezi: malkia anayetaga ana harufu iliyokomaa, na hupokelewa kuliko mwali ambaye hajatoka. Nilimwingiza kwenye rola peke yake, bila wasindikizaji, kwa sababu wasindikizaji nao ni wageni na huanzisha ugomvi kwenye matundu. Saa kumi na moja na nusu jioni nikamning'iniza kwa uzi kati ya masega mawili ya majana yaliyokaribia kutoka, ili nyuki wa kwanza kumzunguka wawe watoto waliozaliwa saa ile, wasio na kumbukumbu ya mama mwingine. Na juu ya sukari nilibandika solotepu. Hawakuruhusiwa kumfungulia mpaka sisi tuone.

Siku ya tatu, alfajiri kukiwa bado baridi, tulifungua. Rola ilikuwa imefunikwa na nyuki hata kijani haionekani, na mimi moyo ukanidunda, kwa sababu hata siku ya donge la ndimu walimfunika hivi hivi. Kwa macho tu sikuweza kusema kama ni mapenzi au ni vita. Mjomba akasimama kwenye kigoda chake, akaja akishika bega langu, wavu kichwani, akavua glovu ya kulia.

"Niwekee kidole juu yao."

Nikamshika mkono nikauongoza. Akakiweka kidole juu ya nyuki kama mtu anayepapasa mchele kwenye ungo, akawasukuma kidogo upande mmoja, kidogo upande mwingine.

"Wanasogea," akasema. "Wenye hasira hushika kizimba kwa meno na miguu, ukiwasukuma hawabanduki, unasikia ugumu kama unasukuma gundi iliyokauka. Hawa wamelegea. Tazama ndimi."

Nikainama. Kweli, kwenye matundu kulikuwa na ndimi ndogo nyekundu zinaingia, na ndani malkia amesimama, ananyoosha mdomo, anapokea. Nyuki mmoja alikuwa amempa mgongo kabisa, anapepea kwa mabawa, mkia juu, kama walivyo mlangoni wanapowaita wenzao warudi nyumbani. Sijawahi kuona kitu kilichonipa utulivu kama kile. Nikabandua solotepu, nikatoboa sukari kwa mti wa kiberiti kupunguza kazi yao, nikarudisha kiunzi.

Kisha siku tisa hatukugusa. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hamu ya kuona. Malkia aliyetoka jana akishtuliwa na mwanga na moshi hukimbia, na wale wale waliomlisha wanaweza kumgeuka. Nilipita mara mbili kutazama mlango tu. Chavua ilikuwa inaingia, ya njano na ya rangi ya maziwa.

Siku ya kumi, rola ilikuwa tupu, donge limeliwa lote. Sikumtafuta malkia. Nilitoa sega la katikati, nikalipa jua mgongo ili mwanga uingie vitunduni, nikaona mayai: moja moja, mengine yamesimama wima kama vipande vya uzi mweupe, ya jana hayo, mengine yameinama, mengine yamelala. Yai la siku tatu hulala. Hayangeweza kuwa ya mwingine, kwa kuwa vyumba vyote kumi na vitano vilivunjwa kwa mkono wangu. Nilimweleza mjomba yalivyopangika, akaomba nimtajie tena, pole pole, na nikamtajia tena.

Yule wa akiba tulimwua siku hiyo. Mjomba alifanya mwenyewe, kwa kidole gumba, na hakusema kitu.

Huyu mpya sikumtia nukta. Rangi ya bluu ya 2025 iko saluni kwenye chupa yake, na tarehe ya malkia naiandika kwa chaki ndani ya mfuniko wa mzinga. Mwezi wa kwanza mzinga wa nne ulikuwa mkali vile vile, na nawaambia wenye haraka wajue hivyo, maana waliokuwa wanalinda mlango bado ni watoto wa yule wa zamani. Mwezi wa pili nilianza kuona tofauti. Wiki iliyopita niliufungua kwa moshi wa makumbi kidogo tu, wakabaki juu ya masega wanafanya kazi zao, na kwenye njia ya kisimani watoto walikuwa wanapita wakiimba, ndoo kichwani. Jirani bado hajamrudisha mbuzi chini ya mkorosho ule, nami sijamwomba.

Hizo rola mbili za dirishani ni za mzinga wa saba, ulioingiwa na kundi jipya lenye malkia mzee, na wa tisa. Donge linazidi kukauka, nimeligusa asubuhi, bado kidogo. Ya tatu iko Pongwe tangu juzi, tupu, inaning'inia ndani ya mzinga mwingine. Nikishamtundika malkia, mjomba ameagiza nimpitie alfajiri ya siku ya tatu, saa kumi na mbili kamili, nisile ndizi.